Sura ya Nne: Nani ni Mvuvi?

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa 2012 na Mohamed Ali Baadi na wenzake, wakazi wa Lamu waliopinga namna bandari mpya ya Kililana ilivyoanzishwa bila wao kusikizwa. Miongoni mwa yaliyoamuliwa ni fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Magazeti yaliipa nafasi kubwa ile bilioni. Mimi naomba tutulie kwenye ile 4,600. Fedha haigawiki bila orodha, na orodha haiandikiki mpaka mtu awe ameamua nani ni mvuvi na nani siye. Nahodha wa Kizingitini yumo, hilo halina ubishi. Je, mwanamke wa Siyu anayeokota pweza maji yakitoka? Je, kijana anayeingia mikokoni kwa miguu na kumtoa kaa shimoni kwa kulabu, ambaye hajawahi kumiliki hata mtumbwi?

Maswali haya yanafanana kabisa na yale yanayomkabili mwanafunzi anapokaa kuandika andiko dhana. Tofauti ni kwamba mwanafunzi huyapita bila kuyaona, kwa sababu kosa lake halimnyimi mtu riziki siku ile ile. Humnyima baadaye, pale ripoti inapotumiwa na afisa wa kaunti, na wakili, na kamati ya fidia. Ndiyo maana sura hii nzima nimeipa sehemu moja tu ya andiko dhana: aya inayoeleza dhana kuu.

Andiko dhana lenyewe ni fupi. Kwa kawaida ni kurasa mbili mpaka tano, na hutangulia pendekezo kamili la utafiti. Linaeleza tatizo, maswali, dhana zitakazotumika, njia ya kukusanya data, na faida inayotarajiwa. Msimamizi hulisoma ili ajue kama kuna utafiti humo ndani, na mfadhili hulisoma ili ajue kama atoe pesa. Kila idara ina kiolezo chake na sioni haja ya kukirudia. Jambo ambalo kiolezo hakisemi ni hili: msomaji aliyezoea hutafuta kwanza ile aya ya dhana, kwa sababu hapo ndipo anapojua kama mwandishi ameshafika uwanjani kwa akili yake au bado yuko maktabani.

Tumwazie binti wa Faza anayesomea shahada ya uzamili. Mada yake ni athari za bandari ya Lamu kwa maisha ya wavuvi wa kisiwa cha Pate. Aya yake ya kwanza inaanza hivi: "Uvuvi umefafanuliwa na wataalamu mbalimbali." Kisha zinafuata fafanuzi tatu, moja ya shirika la kimataifa, moja ya kamusi, moja ya profesa aliyefanya utafiti wake katika ziwa la mbali. Mwisho anaandika kwamba "katika utafiti huu, dhana ya uvuvi itatumika kwa maana pana." Nimesoma aya za namna hii nyingi mno, na kila mara huniuma, kwa sababu aliyeiandika mara nyingi anaijua bahari kuliko hao aliowanukuu. Babake amevua. Yeye mwenyewe amepaa samaki tangu udogoni. Yote anayoyajua ameyaacha mlangoni akidhani chuo hakiyataki.

Basi tumrudishe gatini Kizingitini, asubuhi, vyombo vikiingia. Yuko tajiri wa chombo, ambaye pengine ana mashua mbili na hajakanyaga maji yenye kina kwa miaka. Yuko nahodha, na wako mabaharia wake, ambao hawana mshahara bali mgao: hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki hukatwa mafungu, na chombo nacho kina fungu lake. Wako wapiga mbizi wa kambamawe, biashara iliyoipa Kizingitini jina. Yuko mchuuzi mwenye sanduku la barafu anayepeleka mzigo bara. Wako kina mama wanaonunua mafungu madogo ya kukaanga. Wako wale ambao hatawakuta gatini kabisa: waokota pweza wa maji ya bamvua, wasaka kaa, na wazee waliotundika nyavu wakati kazi ya kuchimba mkondo ilipoanza na hawakurudi tena. Na kama ni msimu wake, wako wageni wa dago, waliopiga kambi kwenye ufuo kwa miezi michache na ambao kwao ni Pemba au kusini mwa pwani ya Kenya.

Akiuliza kila mmoja, "Ami, wewe ni mvuvi?", wengi watajibu ndiyo, na mama wa pweza huenda akajibu la, yeye huenda tu kutafuta kitoweo. Jibu hilo la mama ni data yenye thamani kubwa. Linaonyesha kwamba neno linavyotumika mitaani halimfuniki mtu ambaye riziki yake imeguswa na bandari sawasawa na ya nahodha. Mtafiti akifuata matumizi ya mitaani, mama huyu anatoka. Akifuata kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, zile BMU zilizowekewa kanuni mwaka 2007, anaingia mpaka mchuuzi, kwa kuwa vikundi hivyo hupokea wenye vyombo, mabaharia na wafanyabiashara wa samaki pia. Hakuna kati ya mipaka hii miwili ulio wa uongo. Kila mmoja uliwekwa kwa kazi yake, na utafiti wa binti huyu una kazi yake nyingine.

Kazi yake ni kupima athari. Kwa hiyo swali la kumsaidia ni: bandari inamfikia mtu kwa njia gani? Hapa ndipo ujuzi wa nyumbani unapolipa. Kusi ikivuma, bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo haviwezi kutoka. Watu huvua ndani, katika mikondo na milango iliyo kati ya visiwa na bara. Wavuvi wa Lamu walilalamika tangu mwanzo kwamba maji hayo ya ndani ndiyo yaliyochimbwa na kutiwa tope wakati wa ujenzi. Mwenye boti kubwa yenye mashine anaweza kukimbilia nje. Mwenye dau la tanga hana pa kwenda. Athari, basi, inategemea chombo na msimu zaidi ya inavyotegemea jina la kazi. Akishaliona hilo, aya yake inabadilika:

"Katika utafiti huu, mvuvi ni mtu aliyepata sehemu ya riziki yake kwa kutoa samaki au kiumbe kingine majini, kwa chombo au kwa miguu, katika maji yaliyo kati ya Pate, Manda na bara, angalau kwa msimu mmoja wa kusi kati ya 2010 na 2020. Matajiri wa vyombo wasiokwenda baharini na wachuuzi watahojiwa, lakini watahesabiwa kando, kwa kuwa hasara yao hupitia kwa wavuvi. Wageni wa dago hawamo."

Aya hii haina jina la mtaalamu hata mmoja, na bado ni ya kitaalamu kuliko ile ya kwanza. "Kwa miguu" imewaingiza mama wa pweza na msaka kaa. Miaka 2010 hadi 2020 imempa hali ya kabla ya ujenzi na ya wakati wa ujenzi, maana jiwe la msingi la mradi liliwekwa Machi 2012 na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Wageni wa dago wametolewa waziwazi, na hapo msimamizi anaweza kumbana: kwa nini? Kubanwa huko ndiko tunakokutaka. Fafanuzi ambayo hakuna anayeweza kuibishia haijaamua lolote, na utafiti utakaojengwa juu yake utaamuliwa na hojaji njiani, pale msaidizi wa utafiti atakapoanza kuruka nyumba kwa sababu aliyemkuta mlangoni ni mwanamke.

Wataalamu watanukuliwa, ndiyo. Lakini nafasi yao ni baada ya aya hii. Binti ataeleza kwamba fulani alihesabu wenye leseni peke yao, na kwamba yeye hafanyi hivyo kwa sababu alizokwisha kuzitaja. Hapo nukuu inakuwa mazungumzo.

Kuna anayeweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Basi tuvuke upande wa pili wa kisiwa hicho hicho cha Pate, kwenye magofu ya Shanga, tuone jinsi fafanuzi ya neno moja ilivyoelekeza majembe ya mabingwa.

Swali lililowasumbua wanaakiolojia kwa miongo mingi ni asili ya miji ya Waswahili. Neville Chittick, aliyeiongoza Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alichimba kisiwani Manda kuanzia 1966. Alikuta kuta nene za matumbawe karibu na maji, na vigae vya vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi vya karne ya 9. Alikuwa mchimbaji makini na alichokiona kilikuwepo. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mji ule ulianzishwa na watu waliotoka Ghuba, na kitabu chake kuhusu Manda kilitoka 1984.

Tazama dhana iliyolala chini ya hitimisho hilo. Mji ni mahali penye majengo ya mawe na bidhaa za ng'ambo. Ukianza na fafanuzi hiyo, mji unaanza siku jiwe la kwanza lilipowekwa, na aliyeleta ufundi wa jiwe ndiye mwenye mji. Waliokuwepo kabla, katika nyumba za miti na udongo, wanakuwa mandhari tu.

Mark Horton alianza kuchimba Shanga mwaka 1980 na akaendelea kwa misimu kadhaa ya muongo huo. Alishuka chini ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya jengo la jiwe alikuta jengo jingine, na chini yake jingine, mpaka mawe yakaisha na kubaki alama za nguzo. Mti huoza, lakini shimo lililobeba nguzo hujaa udongo wa rangi tofauti, na mchimbaji mwenye subira huona duara jeusi ardhini. Duara hizo zikipangana huwa ukuta. Kwa njia hiyo ulionekana msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, na juu yake misikiti mingine iliyojengwa kufuatana, ikikua pamoja na watu wake. Vyungu vilivyozunguka makazi hayo ya mwanzo vilikuwa kwa wingi mkubwa vya kienyeji. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapo hapo. Kitabu cha Shanga kilitoka 1996, na baada yake ikawa vigumu sana kusema kwamba miji hii ilishushwa kutoka jahazini ikiwa imekamilika.

Wote wawili walichimba visiwa vinavyotazamana, na vitabu vyao vilitolewa na taasisi moja. Tofauti ya vifaa haitoshi kueleza tofauti ya majibu. Aliyekubali kwamba makazi ya miti yanaweza kuwa mji alikuwa na sababu ya kuendelea kuchimba pale jiwe lilipokwisha. Ninapofundisha aya ya dhana huwa nauliza wanafunzi: fafanuzi yako inakwambia usimamishe jembe wapi?

Mstari wa namna hiyo bado unachorwa Lamu leo. Mji wa Kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na eneo lililoorodheshwa ni hekta 16 hivi. Mwanafunzi anayeandika "mji wa Lamu" bila maelezo huishia kuhesabu nyumba za ndani ya hekta hizo, na familia zilizojenga nje ya mstari zinatoweka katika tasnifu yake kama wale wa nyumba za miti. Haimgharimu zaidi ya sentensi mbili kusema ni mji upi anaousema.

Kuna dhana nyingine ambazo hazina mwili wa kuonekana. Mvuvi unaweza kumshika mkono. Ushirikishwaji wa umma huwezi. Neno hili limo katika Katiba ya 2010, limo katika kila andiko kuhusu miradi mikubwa, na mara nyingi halielezwi kwa sababu kila mtu anadhani analijua. Hapa mwalimu bora ninayemfahamu ni uamuzi wa Juni 2019 wa Mahakama Maalumu ya Mazingira, katika shauri la Save Lamu dhidi ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na kampuni ya Amu Power. Kampuni ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, na leseni ya mazingira ilikuwa imetolewa 2016. Kampuni ilionyesha kwamba mikutano ilifanyika, na ni kweli ilifanyika. Wajumbe waliuliza jambo moja zaidi: mikutano hiyo ilikuja kabla au baada ya ripoti ya athari kukamilika? Kama wananchi walikusanywa kujulishwa mradi, kisha ripoti yenye matokeo ikaandikwa na hawakupewa nafasi ya kuisoma na kuijibu, basi hawakushirikishwa katika kile ambacho sheria inataka washirikishwe. Leseni ilifutwa.

Angalia ufundi wake. Dhana nzito ya kikatiba imeshushwa mpaka kwenye mambo ambayo mtu anaweza kwenda kuyahakikisha: tarehe ya mkutano, tarehe ya ripoti, nani alipewa nakala, iliandikwa kwa lugha gani, alipewa siku ngapi. Mwanafunzi anayetaka kupima ushirikishwaji katika mradi wowote, wa maji au wa barabara, anaweza kukaa na mambo hayo na kuandika aya yake ya dhana jioni moja.

Ipo pia mipaka ambayo mtafiti anaiweka vizuri na wasomaji wanaivuka. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa pwani kati ya 1250 na 1800 hivi, baadhi yao Manda na Faza, na Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Ilionekana kwamba upande wa mama walikuwa karibu wote Waafrika, na upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Mitandaoni ikageuka kuwa jibu la swali "Mswahili ni nani?" Lakini makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye hadhi, yaliyo karibu na misikiti, na watafiti wenyewe walitahadharisha juu ya hilo. Watu wa nyumba za udongo hawakuzikwa pale. Andiko dhana liseme waziwazi, mapema, linawasemea akina nani, ili atakayevuka mpaka ajue ameuvuka kwa hiari yake.

Nitasema jambo moja juu ya ufundi wa kueleza, kwa sababu wanafunzi wa pwani wana mwalimu wake karibu. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu, aliandika Umbuji wa Mnazi, kazi inayomchukua msomaji kupitia mnazi na mazao yake huku ikihifadhi majina ya kila kitu. Yeyote aliyekulia kwenye minazi anajua kwamba dafu halielezeki peke yake. Linaelezwa kwa kitale kinacholitangulia na koroma linalolifuata, na mpaka ni nyama ya ndani: haijaanza, ni laini, imeanza kukaza. Aya ya dhana ijengwe vivyo hivyo. Taja jirani wa kushoto na wa kulia wa dhana yako, na taja alama inayowatenganisha. Mvuvi ana majirani wawili, tajiri wa chombo na mchuuzi, na alama ni mkono unaotoa kiumbe majini.

Imebaki ratiba, ambayo wengi huiweka mwisho wa andiko kama jedwali la miezi na kuisahau. Kwa Lamu ratiba ni sehemu ya dhana. Binti wetu akifika Kizingitini Januari, kaskazi ikivuma, atakuta bahari imefunguka, vyombo viko nje, wageni wa dago wamejaa ufuoni, na mavuno ni mazuri. Akiuliza kuhusu athari za bandari atapata jibu la msimu wa shibe. Akifika Juni atakuta madau yamepandishwa, watu wako nyumbani, na wanaovua wanavua kwa shida katika maji yale yale ya ndani yanayobishaniwa. Fafanuzi yake inasema "msimu wa kusi", kwa hiyo safari moja lazima iwe ya Juni au Julai, wakati ambapo boti ya kutoka Mokowe, upande wa bara, huchafukiwa na bahari na usafiri hauaminiki. Akitaka kulinganisha, anahitaji safari mbili, na bajeti ionyeshe nauli mara mbili, malazi mara mbili, na posho ya msaidizi mara mbili. Mfadhili akimwambia pesa zinatosha safari moja, na chuo kikataka aende likizo ya Desemba, asiibadilishe ratiba kimyakimya na kuiacha aya ya dhana ilivyo. Arudi kwenye fafanuzi, aondoe kusi, aandike kwamba anachunguza uvuvi wa kaskazi, na abadilishe kichwa cha andiko lake kabla ya kulipeleka tena kwa msimamizi.